Usimkimbie Mbwa

Katika miaka thelathini na mmoja ya kugawa barua aling'atwa na mbwa mara nne tu, na mara zote nne alijua kosa lilikuwa la nani. Lilikuwa lake. Mara ya kwanza alikimbia. Mara ya pili alimtazama mbwa machoni. Mara ya tatu alikuwa ameuacha mkoba mgongoni. Ya nne hakupenda kuizungumzia, maana ilitokea mbele ya lango la shule, saa ya mapumziko, na suruali ilikuwa mpya.

Usikimbie, usimwangalie machoni, mkoba mbele. Amri hizo tatu alizipata kwa tarishi mzee aliyempokea kazini. Mzee yule alimfundisha kwa kumtembeza, wiki sita, nyumba kwa nyumba, akimwonyesha kila lango lenye mbwa na kila mbwa na tabia yake. Hivyo ndivyo kazi ilivyofundishwa zamani, mtu na mtu, bega kwa bega. Yeye naye aliwafundisha waliokuja nyuma yake, mpaka ukafika mwaka ambao hakuja mtu. Barua zilikuwa zimekonda. Za mapenzi zilitangulia kuondoka, zikafuata za wazazi kwa watoto walioko mbali, zikabaki za ofisi kwa ofisi, na hizo nazo zikahamia kwenye simu. Jengo la posta, lenye kaunta ya mbao ngumu iliyolainishwa na viwiko vya watu kwa miaka sitini, sasa linauza vifuniko vya simu. Kaunta waliipasua. Siku aliyoviona vipande vyake vimeegemezwa ukutani nje, alisimama akavitazama kwa muda, mwenye duka akamuuliza kama anahitaji kuni.

Barua ya kumstaafisha aliipanga kwenye mkoba kwa mkono wake mwenyewe. Alipoona anwani ni yake, hakuifungua. Aliiweka mwisho wa mzunguko, mahali pake panapostahili, akaifikisha saa nane mchana, akajigongea mlango.

Ofisi ilimstaafisha yeye, lakini miguu haikupata taarifa. Kila siku saa kumi na moja alfajiri ilimwamsha. Ilimtoa kitandani, ikampeleka dirishani, ikamrudisha, ikampeleka mlangoni. Alivaa viatu, akachukua mkoba wake wa ngozi, ambao walimwachia kwa sababu hakuna aliyeuhitaji, akapita mitaa yake minne: wa kiwanda cha uchapaji, wa shule, wa zahanati, na ule wa ngazi unaopanda hadi kwenye tangi la maji. Mkoba ulikuwa mtupu. Milango aliyokuwa akiigonga sasa ina kuta ndefu mbele yake, na juu ya kuta kuna vijicho vya kamera vinavyomfuata kana kwamba anataka kuiba. Zamani mwenye nyumba alikuwa anakutazama mwenyewe, kwa macho yake mawili, na akikushuku alikuuliza. Watu wachache waliobaki wanaomjua walimwita Bwana Barua, kama zamani. Wengine walimpita.

Nyumbani kulikuwa na mbwa.

Hakuwa wake, alikuwa wa mkewe. Alimleta miaka mitatu nyuma, mdogo wa kuenea kwenye kikapu, kahawia mwili mzima isipokuwa juu ya jicho la kulia, palipokuwa na doa jeupe la pembe nne.

"Umeliona hilo?" mkewe alimwambia. "Kabandikwa tayari. Huyu hata akipotea atafika."

Akamwita Stempu. Mumewe hakucheka, ila moyoni aliona doa limekaa pembe sahihi.

Sasa mke alikuwa amefariki, miezi mitatu sasa, na mbwa amebaki. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na jiko, na uani penye sakafu ya saruji palikuwa na pipa la maji na lango la chuma ambalo komeo lake lilikuwa bovu. Humo waliishi mtu na mbwa kama wapangaji wawili wasiosalimiana. Asubuhi mtu alileta bakuli la chakula, akaliweka chini kwa kuinama upande upande, macho ukutani, mkoba umetangulia tumboni, kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua bila kugeuka. Mbwa alisubiri mpaka mlango ufungwe. Ndipo alipokula.

Jioni ndiyo ilikuwa taabu. Ikifika saa kumi na moja, mbwa alianza kuhangaika. Alikwenda nyuma ya mlango wa jikoni, akanusa. Akatoka uani, akazunguka pipa la maji. Akarudi ndani hadi kwenye pazia la chumba cha kulala, akalisukuma kwa pua, akachungulia nyuma yake. Kisha akaanza upya: mlango, pipa, pazia. Mlango, pipa, pazia. Kucha zake zilikuwa zinagonga sakafu tik tik tik, na Bwana Barua, ambaye naye hakuweza kukaa, alikuwa akienda na kurudi upande mwingine wa nyumba. Wakikutana kwenye korido, mtu aligeuza uso, mbwa akashusha masikio, kila mmoja akashika njia yake.

"Tulia wewe," alimwambia mbwa, akiwa amesimama.

Jumatatu moja komeo liliachia. Mbwa alitoka, akateremka mtaa wa uchapaji hadi barabara kuu, akavuka bila kuangalia. Mwendesha pikipiki mmoja alikanyaga breki, akaanguka, akachubuka kiwiko. Bwana Barua alifika akihema, akasimama pembeni, akamwita mbwa kwa sauti aliyoitumia kuita majina kaunta.

"Stempu. Njoo hapa."

Mbwa alimtazama, akageuza kichwa, akaenda zake. Alirudishwa baada ya saa mbili na fundi viatu wa pale kwenye kona, amefungwa shingoni kwa ukanda wa ngozi.

Jumanne binti yake akaja. Alikuwa nesi wa wodi ya watoto, anaishi upande wa pili wa mji, na habari mbaya zilimfikia kabla ya nzuri. Aliingia bado amevaa viatu vyake vyeupe vya kazini.

"Baba, nasikia mtu ameumia."

"Kachubuka."

"Leo kachubuka. Kesho mtu mwingine anavunjika shingo. Au wewe unavunjika ukimkimbilia huyo mbwa. Nani atakuokota?"

"Mimi sikimbii mbwa."

"Najua hukimbii. Najua amri zako zote, nimelala nazo nimeamka nazo." Akaketi, kisha akasimama tena, miguu ilikuwa ya baba yake. "Kaka wa mwenzangu kazini anafuga kuku nje ya mji. Anatafuta mbwa wa langoni. Anakuja na gari Jumamosi ya wiki ijayo."

"Amchukue."

"Baba."

"Nimesema amchukue. Hata leo."

Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Mbwa akainuka, akaenda nyuma ya mlango wa jikoni, kisha uani, kisha kwenye pazia.

"Unaona?" Bwana Barua alisema. "Kila siku hivyo. Ana wazimu. Au ni panya."

Binti alimtazama mbwa akizunguka mara ya pili, akashika mdomo.

"Baba, hujui anachofanya?"

"Nimekwambia, panya."

"Anamtafuta mama. Mama alikuwa anajificha. Kila jioni, hapo, hapo na hapo. Anajificha, huyu anamtafuta, akimpata mama anatoka mbio kuzunguka uani na huyu nyuma yake. Ulikuwa ndani, unasikiliza taarifa ya habari."

Alikumbuka. Hakuwa amesahau, aliiweka tu mbali. Siku moja alikuwa ametazama dirishani akamwona mkewe, mwanamke wa miaka sitini, anakimbia amekusanya gauni mkononi, kitambaa cha kichwa kimedondoka, anacheka mpaka hana pumzi, na mbwa anamkimbiza. Alifungua dirisha akamwambia, "Usimkimbie mbwa. Utamfundisha kung'ata." Mkewe akamwonyesha mkono, kama mtu anayefukuza nzi, akaendelea. Yeye akafunga dirisha, akaongeza sauti ya redio.

"Kwa hiyo miezi mitatu yote," alisema taratibu, "hajaambiwa kuwa mchezo umekwisha."

"Ungemwambiaje?"

Binti akafuta macho kwa kiganja, haraka, kinesi.

"Nisikilize. Jumamosi ile nitakuja mapema. Ukimwita akaja, namrudisha yule bwana na nitamwomba radhi mwenyewe. Asipokuja, anakwenda. Siwezi kukaa kazini najiuliza uko barabara gani."

"Nani kasema namtaka?"

"Hakuna," binti alisema. "Siku kumi na moja, baba."

Kesho yake alitoka kama kawaida, akarudi saa tatu, akasukuma lango. Mbwa alikuwa amesimama katikati ya ua. Bwana Barua akatanguliza mkoba, akakaa upande. Na hapo mbwa akafanya jambo ambalo katika miaka mitatu hakuwahi kulifanya. Alisogea akaushika mkanda wa mkoba kwa meno, akavuta.

"Achia. Mali ya serikali hiyo."

Mbwa alivuta zaidi. Mtu naye akavuta, maana mkoba ule hakuwahi kumwachia mtu wala mnyama. Wakavutana. Mbwa aliinamisha kifua mpaka chini, makalio juu, mkia unakwenda huku na huku kama kitambaa cha kufutia meza, akinguruma ngurumo ambayo si ya hasira; na tarishi aliyezijua ngurumo za mitaa minne alishindwa kuiweka kwenye fungu lolote. Mkanda ulikatika kwenye mshono. Bwana Barua akaenda kinyumenyume, akagota kwenye pipa la maji.

Alidhani mbwa atakimbia na mkoba. Mbwa aliuburuta hadi miguuni pake, akaufikisha, akausukuma kwa pua kwenye magoti yake, akarudi nyuma hatua mbili akangoja.

Hakuwahi kuletewa kitu na mbwa.

Aliupeleka mkoba kwa fundi viatu. Fundi alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, mtu wa maneno, mwenye kibanda cha mabati na benchi moja la wateja ambalo sasa lilikuwa linakaliwa na yeye Bwana Barua tu. Viatu vya siku hizi havishonwi, vinatupwa. Mtu ananunua kiatu kama anavyonunua kiberiti.

"Huu mshono niliupiga mimi," fundi alisema akiugeuza mkanda. "Haukatiki kwa barua. Umebeba mawe?"

"Mbwa kauvuta."

"Kakung'ata?"

"Hapana. Alitaka nivute na mimi."

Fundi akaweka chini sindano yake. "Alitaka mcheze, mzee mwenzangu. Hata mimi nisiye na mbwa najua. Hebu niambie, unampaje chakula?"

Bwana Barua akainuka kwenye benchi, akamwonyesha: mwili upande, macho pembeni, mkoba mbele, kurudi nyuma. Fundi alicheka mpaka akakohoa misumari aliyokuwa ameibana midomoni.

"Miezi mitatu unaingia nyumbani kwako kama unaleta barua. Ningekuwa mimi huyo mbwa ningekwenda kusaini ukanipa bahasha." Akajifuta machozi. "Ndiyo maana haji ukimwita. Hakujui. Wewe ni mgeni anayekuja kila siku na haondoki."

"Amri ni amri."

"Ya mbwa wa watu. Huyu ni wako."

"Ni wa marehemu."

"Haya," fundi alisema, na kicheko kikamtoka usoni. Alikata kipande cha ngozi cha urefu wa mkono, akakikunja mara tatu, akakishona pande zote, akampa. "Vuteni hiki. Mkoba uache upumzike."

Basi akaanza. Alikuwa mtu wa kujifundisha mwenyewe mambo. Hesabu na jiografia alizipata vitabuni baada ya kazi, si darasani. Alitoa daftari lake la mwisho la mzunguko, ambalo nusu yake ilikuwa haijaandikwa, akachora mistari: tarehe, saa, kilichofanyika. Siku ya kwanza aliandika: *Tumevutana. Hataki kuachia. Nami pia.* Siku ya pili aligundua kuwa akiacha kuvuta, akasimama kama mti, ngozi inakuwa haina ladha mdomoni mwa mbwa, anaiachia mwenyewe. Papo hapo akasema "achia," akaanza mchezo upya. Mbwa alikielewa kitu hicho haraka kuliko matarishi wengi aliowahi kufanya nao kazi: kuachia si mwisho wa mchezo, kuachia ndiko kunakouanzisha tena. Siku ya nne aliandika: *Achia, mara kumi, kaachia kumi.* Akapiga mstari chini yake kwa rula.

Alijifunza kumtazama machoni. Ilimchukua siku mbili, na jasho. Macho yenyewe yalikuwa ya rangi ya chai, na hayakuwa na ubaya wowote.

Kujificha ndiko kulikomshinda. Siku ya sita, saa kumi na moja jioni, alijibana nyuma ya pipa la maji, magoti yakilia, akijiona mjinga, mtu mzima aliyewahi kupewa cheti cha utumishi mwema. Kucha zikaja. Tik tik tik. Mbwa akatokeza kichwa, akamwona, mkia ukapepea. Kisha akanyoosha shingo akatazama nyuma yake, akatazama kila upande wa pipa, mkia ukashuka taratibu. Alikuwa amepata mtu, ila si yule. Bwana Barua alibaki amechuchumaa pale muda mrefu. Katika daftari hakuandika kitu siku hiyo.

Na nje ya lango mambo yalikuwa yale yale. Alimfunga kamba ndefu, akampeleka kwenye kiwanja nyuma ya zahanati, akamwachia kamba yote, akasimama wima, mikono ubavuni, akaita. Mbwa alisimama mbali, akageuza uso, akalamba midomo. Akaita tena. Akaita kwa ukali. Kadiri alivyokaza sauti ndivyo mbwa alivyozidi kuwa mbali. Mara mbili kati ya kumi. Tatu kati ya kumi. Mara moja hakuna. Siku ya tisa, ya kumi. Usingizi ulimpaa, alitembea chumbani, akaenda jikoni kunywa maji asiyoyataka, akafungua daftari akahesabu tena zile tatu kana kwamba zingeongezeka. Mbwa alikuwa anamfuata kila anakokwenda, akisimama anaposimama. Ndani ya nyumba alikuwa kivuli chake. Nje, mtu asiyemjua.

Jumamosi binti alikuja mapema kama alivyosema. Waliketi uani, wote wawili wakitikisa mguu.

"Umemfundisha?"

"Tumecheza."

"Nimeuliza kama anakuja."

"Mara tatu kati ya kumi."

Gari likapiga breki nje. Mwenye kuku alikuwa mtu mpole, mkubwa wa umbo, mwenye matope kwenye buti, na mkononi alishika mnyororo.

"Shikamoo mzee. Ndiye huyu? Mbona mzuri."

Alilisukuma lango kwa bega akaliacha wazi nyuma yake, kama wanavyofanya watu ambao milango yao haifunguki barabarani. Mnyororo ulichuruzika ukagusa saruji. Mbwa aliruka kwa mlio ule, akapita kati ya ukuta na buti la mgeni, akatoka.

Walipofika nje alikuwa tayari amefika chini ya mtaa, penye ukingo wa barabara kuu. Malori yalikuwa yanapita. Binti alitoka mbio kumfuata, na kila hatua yake ilimsukuma mbwa hatua moja nyuma, miguu ya nyuma ikagusa lami. Lori likapiga honi.

"Simama," Bwana Barua alimwambia binti yake. "Usimfuate. Unampeleka wewe."

Binti akasimama papo hapo, mikono kichwani.

"Stempu," akaita. "Njoo hapa."

Mbwa alimtazama. Alikuwa anatetemeka. Akageuza uso kuelekea barabarani.

Hapo Bwana Barua aliliona dirisha. Aliona gauni lililokusanywa mkononi na kitambaa cha kichwa sakafuni, na mbwa nyuma, na akasikia sauti yake mwenyewe ikisema maneno ya mtu mwenye akili. Mkewe hakuwa amemwita mbwa hata siku moja. Alikuwa anamkimbia.

Akapiga paja lake kwa kiganja, mara mbili, akapiga mluzi, akampa mbwa mgongo, akakimbia.

Alikimbia kuupanda mtaa, mbali na mbwa, mbali na binti yake, mtu wa miaka sitini na saba ambaye mitaa minne haikuwahi kumwona akiongeza mwendo hata mvua ikinyesha. Shati lilichomoka. Goti la kulia lilipiga kelele. Mbele ya kiwanda cha uchapaji watu wawili waliacha mzigo wakatazama. Dirisha likafunguliwa, kisha jingine.

"Bwana Barua," fundi viatu aliita toka kibandani, "ni ya nani hiyo iliyochelewa?"

Hakuwa na pumzi ya kujibia. Alikuwa anasikiliza. Kwanza hakusikia kitu isipokuwa moyo wake. Halafu, nyuma, mbali, kucha kwenye lami. Tik tik. Zikakaribia, zikawa mvua. Ngozi ya shavu la mguu wake ikasisimka pale penye makovu manne. Kila kilichokuwa ndani yake, wiki sita za mzee yule na miaka thelathini na mmoja yake mwenyewe, kilimwambia asimame, ageuke upande, aweke mkoba mbele. Hakuwa na mkoba. Hakugeuka. Alikimbia, na kicheko cha ajabu, kikavu, kikaanza kumtoka bila ruhusa.

Mbwa alimpiga nyuma ya magoti kwa kifua. Mzee akaenda moja kwa moja kwenye benchi la fundi, akaketi kwa kishindo, na mbwa akaruka akaudaka mkono wa shati lake, akaanza kuvuta, makalio juu.

"Achia," alisema kwa pumzi iliyobaki.

Mbwa akaachia, akangoja.

Bwana Barua aliingiza mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha ngozi, akamnyooshea. Wakavutana palepale, mbele za watu, huku fundi akiondoa viatu njiani.

Binti alifika akiwa amevua viatu vyake vyeupe, ameshika kimoja kila mkono. Aliwatazama wote wawili. Mwenye kuku alikuja nyuma yake, polepole, akiuzungusha mnyororo kwenye kiganja mpaka ukawa tonge.

"Huyu kweli wa mnyororo?" alisema, akimwuliza nani haijulikani. "Sidhani. Nitatafuta mwingine." Akamuaga mzee, akarudi kwenye gari lake.

"Nisamehe, kaka," binti alimwambia mgongoni. Kisha akakaa kwenye benchi, upande wa pili wa mbwa. "Ulimwita akaja?"

"Hapana. Nilimwita akakataa."

"Tulikubaliana ukimwita."

"Najua tulivyokubaliana."

Binti alivaa kiatu kimoja, akakaa na kingine mkononi. "Komeo litengenezwe leo," alisema. "Leo, baba, kabla sijaondoka. Na hilo goti nitalitazama."

Fundi alikwisha kuinua nyundo na kopo la misumari.

Jioni, lango likiwa na komeo jipya na goti likiwa limefungwa bendeji ya wodi ya watoto, yenye picha za samaki, saa kumi na moja iligonga. Bwana Barua alikuwa amesimama bafuni, gizani, nyuma ya mlango, mahali padogo kuliko alivyofikiri. Kule nyuma ya pipa hakujificha tena, wala jikoni, wala kwenye pazia. Huko kulikuwa kwa marehemu.

Alisikia kucha. Zilikwenda jikoni, zikasimama. Zikatoka uani, zikazunguka pipa. Zikaja kwenye pazia, na hapo zikakaa kimya muda mrefu, mpaka ule mguu wake usioumia ukaanza kumwasha na akatamani kuutikisa, na mkono ukaanza kuichezea ngozi mfukoni, na akawa anaipanga kichwani njia ya kesho, uchapaji, shule, zahanati, ngazi, na mahali ambapo kamba italegezwa. Akabana pumzi.

Tik, kwenye korido. Tik tik.